Mkasi wa Adhuhuri

Kilichotangulia kilikuwa harufu ya kafuri. Mwatima aliinusa akiwa bado ndani ya lifti, akadhani ni dawa ya nondo, maana jengo zima lilijaa vitambaa na kila mwenye chumba ana njia yake ya kufukuza wadudu. Lakini alipofungua karakana yake, mwendo mfupi kutoka soko la vitambaa la Zhongda mjini Guangzhou, alikuta jora jipya la bafta nyeupe limetandazwa sakafuni na kukatwa vipande vitano.

"Muzdalifa, nani kakwambia ukate bafta?"

Binti wa kaka yake, aliyekuwa nyuma na mkoba wa chakula, alishangaa. "Si tumetoka pamoja, shangazi? Na ufunguo unao wewe."

Mwatima alivipima vile vipande kwa mkono. Kwao Unguja aliwahi kukata nguo za maharusi na za maiti, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa. Mashuka mawili, kanzu, ushungi na nguo ya kiunoni. Sanda ya mwanamke. Alivikunja akavisukuma juu ya kabati.

Kesho yake walisikia wenyewe. Mchana baada ya chakula, Guangzhou hujilaza. Wenye maduka hushusha milango, wasichana wa kaunta hulaza vichwa juu ya meza, na hata vitoroli vya mizigo hunyamaza. Ndani ya ukimya huo, nyuma ya majora, mkasi ulianza kukata, taratibu, kama wa fundi asiye na haraka. Mwatima alisogeza majora yote mpaka ukutani. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na sanda nyingine, ya moto kidogo, kana kwamba imetoka kushikwa.

Ikawa hivyo kila mchana, na kila sanda ilizidi kukikaribia kimo cha Muzdalifa. Msichana naye akaanza kupungua. Chakula kilimshinda. Joto la Guangzhou lilimtoa jasho kila mtu, yeye akajifunika sweta na meno yakagongana. Hospitalini walimpima damu, wakasema hana kitu.

Jirani yao Hafidh, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyeuza vifungo na zipu, alimvuta Mwatima pembeni.

"Bi Mwatima, mimi pia nilimsikia nilipohamia hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini, na pahala ni pake. Nilimchinjia kuku mweusi, nikamfukizia ubani, akaniacha. Kila mwezi nampa chake."

"Na ukiacha?"

Hafidh aliangalia mlangoni kabla ya kujibu. "Sijathubutu kuacha."

"Mimi simchinjii asiyeniumba."

"Basi utamuua mtoto wa watu kwa ukaidi wako."

Neno hilo lilimchoma. Alimpigia simu kaka yake Nassor, baba yake Muzdalifa, akitarajia kushikwa mkono. Nassor alilia, halafu akasema, "Mpe anachotaka, dada yangu. Mungu atakusamehe. Mimi mtoto ninaye huyu mmoja tu."

Mwatima alikaa na simu mapajani, akahisi dunia nzima imehamia upande wa pili. Ni Muzdalifa aliyemshika kiganja, mkono wake baridi kama samaki wa barafu.

"Nimesikia alivyosema baba. Usimchinjie, shangazi. Leo kuku, kesho ataomba nini?"

"Huogopi, mwanangu?"

"Naogopa sana. Lakini nikimwogopa yeye kuliko Mungu, atakuwa ameshanichukua."

Siku iliyofuata Mwatima alitia udhu, akamlaza Muzdalifa kwenye mkeka kando ya cherehani, akasubiri. Jengo likalala. Harufu ya kafuri ikapanda, nzito, ikakaa kooni. Kisha jora la mwisho la bafta likaanguka lenyewe kutoka kwenye rafu, likajikunjua sakafuni mpaka kwenye miguu yake, na mkasi usioonekana ukaingia ndani ya nguo ukikata moja kwa moja kuelekea mkekani, na Muzdalifa akainuka akaketi wima, macho yamefumba, midomo haichezi, na kutoka kifuani mwake ikatoka sauti ya bibi kizee aliyekunywa vumbi, ikasema kwamba wengi walikuja hapa na dua zao na wote waliishia kuleta kuku, na kwamba hii ndiyo sanda ya mwisho, imetimia kimo, imebaki kuvaliwa.

Mwatima, akiwa kitini, alipeleka mkono kwenye nguo. Alikivuta kipande cha kwanza, akakiweka chini ya sindano, akakanyaga cherehani.

"Wewe kata," alisema. "Mimi nashona."

Akaanza Ayatul Kursi. Mkasi ulikata, yeye akaunga. Ukakata tena palepale aliposhona, akaunga tena. Uzi ulikatika, akatunga mwingine. Alisoma mpaka sauti ikakwaruza, na kila aliporudi kwenye jina la Mungu, mkasi ulichelewa kidogo kuliko mwanzo. Kutoka katika vile vipande vya maiti kikaanza kuonekana kigauni cha mtoto, cha mikono mifupi, cha kuvaa sikukuu.

"Nipe kuku," ilisema ile sauti.

"Sina."

"Nipe ubani tu."

"Sina."

Ilikuwa inashusha bei kama mchuuzi wa soko la Shahe anayetaka kufunga duka.

"Basi nipe maji. Bakuli moja, uliweke mlangoni."

"Maji ninayo, nimeyasomea Qur'ani. Utakunywa?"

Mwatima akasimama, akamshika Muzdalifa mabegani.

"Mwenye pahala hapa ni Mwenyezi Mungu, na wewe ni kiumbe kama mimi. Huyu humpati, na kwangu hupati kitu. Toka."

Muzdalifa alipiga ukelele mmoja mrefu, na mlango wa chuma ukapigwa kwa ndani kwa kishindo kilichoamsha ghorofa nzima. Wachina walitoka wakipikicha macho, wakiulizana. Harufu ikakatika. Msichana alilala kifudifudi, akihema, kisha akageuza uso uliojaa jasho.

"Shangazi, nina njaa."

Hapo ndipo Mwatima alipolia.

Muzdalifa alipona. Nassor aliwasihi wahame, na Hafidh akaapa kwamba kitu kile kitarudi. Mwatima aliongeza cherehani nyingine.

Mchana mmoja, jengo limelala, mlango uligongwa. Kulikuwa ni kugonga kwa adabu, kwa mgeni anayejua wenyeji wapo. Muzdalifa aliangalia kamera ya koridoni kwenye simu yake, akanong'ona, "Hakuna mtu."

Kugonga kukarudi, taratibu.

Mwatima aliinuka, akaufungua mlango mpaka mwisho, akasimama kizingitini akiikabili ile korido tupu.

"Hapa panasaliwa," alisema. "Pita njia yako."

Akarudi kwenye cherehani, akauacha mlango wazi mchana kutwa.