Sarafu Aliyoiosha Aruna

Mvua ya Kolwezi haipigi hodi. Asubuhi ile iliwashukia watu sokoni ghafla, wakajibana chini ya turubai la Farida: mafundi cherehani, wauza unga, na kijana mmoja mrefu mwenye buti zilizojaa tope jekundu. Kiwiko chake kikagonga meza. Pete ya fedha iliyokuwa kwenye mizani ikaruka, naye akaidaka hewani.

"Pole, mama. Gramu tano na kidogo," alisema, akiipima kiganjani.

Farida, binti wa sonara, kitenge cha manjano na kilemba kilichofungwa kwa maringo, alikuwa tayari kufoka. Badala yake akairudisha pete kwenye mizani. Tano nukta mbili. Hasira ikamtoka, kikaingia kitu kingine ambacho siku ile hakukipa jina.

"Weye ni nani, mukono inapima hivi?"

"Aruna. Mi ni creuseur, muchimbaji wa mawe. Kila siku niko nabeba mawe, na banunuzi banatudanganya ku kilo. Mukono njo mizani yangu."

Baada ya miezi mitatu simu ya Farida ilikuwa haipoi. Baba yake, Tata Kassim, hakumchukia Aruna; alichukia shimo. Tangu mpwa wake afukiwe na udongo kwenye mashimo ya Kasulo, neno lake lilikuwa moja: "Mutoto wangu hataolewa na mutu wa mu shimo. Atoke kwanza, kisha akuye." Kutoka kulihitaji pikipiki ya kubebea abiria, na pikipiki Aruna hakuwa nayo.

Siku moja akafungua kitambaa juu ya meza. Ndani mlikuwa na sarafu kubwa, nyeusi kama sufuria ya maharage.

"Nkambo, babu yangu wa Kisenge, alikuwa anaificha mu mukebe ya chumvi. Mbele ya kufa akanipatia. Iko na bei?"

Farida alishusha pumzi. Baba yake alimfundisha sarafu tangu utotoni, lakini hii alikuwa ameiona vitabuni tu: nusu-krauni ya Kiingereza ya mfalme Charles wa Pili, mwaka 1676, katika zile za mwanzo kugongwa kwa mashine. Akaiweka kwenye mizani. Kumi na nne nukta tisa; ilipozaliwa ilikuwa kumi na tano. Akachukua lenzi. Nywele za mfalme zilikuwa zimelika juu ya sikio, ila majani ya taji yake yalihesabika, na maandishi ya Kilatini ukingoni yalikuwa kamili. Hakuna aliyewahi kuikwangua.

"Très très beau," alisema. Nzuri mno: ndilo daraja aliloipa sarafu.

"Sarafu ao miye?"

"Sarafu! Weye uko beau tu, na ni wakati tope inatoka."

Aruna akacheka mpaka jirani akageuka.

"Siku ya posho, Jumamosi, kuko collectionneur, mununuzi wa sarafu za kale, anatoka Lubumbashi," Farida akaendelea. "Bei yake itakupa pikipiki. Uichunge muzuri, chéri."

Lilikuwapo neno moja zaidi la kumwambia, naye hakulisema.

Jumamosi Aruna alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, uso wote tabasamu. Akafungua kitambaa. Sarafu iling'aa kama kijiko kipya.

Farida akainyakua kuipima. Mizani ikasema kumi na nne nukta sita. Kwenye lenzi mfalme hakuwa na majani kichwani, na shavu lote lilikuwa mikwaruzo.

"Hii haiko ile."

"Njo ile, chéri."

"Bongo, unanidanganya! Uliuzisha ile ya kweli, uniletee hii? Collectionneur iko mu njia, na jina ya papa yangu iko hapa ku meza!"

Aruna hakupandisha sauti. "Kumbe unanizania mwizi," alisema, akaiacha sarafu pale na kupotelea katikati ya watu.

Hasira ilipopoa, Farida aliitazama tena. Chini ya kidevu cha mfalme palikuwa na ufa mdogo aliouona siku ya kwanza. Ufa ulikuwa palepale. Ukingoni, ndani ya herufi ya mwisho, weusi kidogo ulikuwa umesalia. Ilikuwa ileile, imeoshwa!

Hapo akaelewa, akajishika kichwa. Creuseur huosha mawe yake mtoni kabla ya kuyauza, kwa kuwa jiwe lililooshwa hupanda teneur, yaani kiwango cha madini, na bei hupanda nayo. Aruna aliitendea sarafu wema wote anaoujua. Lakini sarafu ya kale haioshwi. Weusi ule ndio ngozi yake; ukitoka, bei nayo hushuka. Aliyejua hilo ni Farida, na Farida alinyamaza.

Akapiga simu. Sauti ya Kifaransa ikamwambia mtu huyo hapatikani. Akapiga mara sita. Mvua ikaanza. Mwishowe akampigia Zéphirin, mwenzake Aruna wa shimoni.

"Aruna? Alishuka. Alisema kama pikipiki haiko, shimo iko."

Farida akakata simu. Akamweleza baba yake yote kwa pumzi moja. "Miye njo nilikosa, papa."

Tata Kassim aliitazama mvua kwanza. "Enda. Collectionneur nitamungoja miye."

Kasulo maji yalikuwa yanatiririka kati ya nyumba. Zéphirin aliitikisa kamba, akangoja, akaitikisa tena. Farida alikuwa anaomba dua isiyo na mpangilio, kilemba kimemwangukia mabegani. Kisha kamba ikakaza, na kichwa chenye taa kikatokeza.

"Farida? Uko nafanya nini hapa?"

"Toka kwanza! Toka yote, mpaka miguu!"

Alipotoka, Farida akalia waziwazi. "Njo ile ile. Uliisukula, uliiosha kama mawe, ju ya kupandisha teneur."

"Na mchanga, na asidi kidogo. Niliharibisha?"

"Uliharibisha. Mais miye sikukuambia, na nikakuita mwizi. Unisamehe, Aruna."

Aruna alivua taa kichwani, tope likimchuruzika. "Iliniuma sana," alisema. "Mais ulikuja mpaka ku shimo." Akamshika mkono. "Sasa pikipiki haiko. Papa yako atasema nini?"

Simu ililia. Alikuwa Tata Kassim.

"Nilimwambia collectionneur ukweli, ilisukuliwa. Alienda. Huyu kijana iko wapi?"

"Iko inje ya shimo, papa." Farida akajikaza. "Nataka akae ku meza yetu. Mi niko na macho, yeye iko na mukono. Bengine banasomea kupima, yeye alizaliwa nayo."

Kwenye simu ilisikika mizani ikisogezwa mezani.

"Abakie inje," mzee akasema. "Siku ya kazi ya kwanza, Jumatatu, akuye na bazee bake kukuposa."

Aruna, sikio karibu na simu, akacheka na kulia kwa pamoja, akainua mkono kufuta tope usoni. Farida akaushika.

"Acha. Usisukule kitu tena mbele ya kuniuliza."