Puli ya Fundi Kimya

Asubuhi ya kwanza baada ya kumaliza eda, mjane wa Fundi Kimya alichukua ufunguo chini ya mto wa marehemu, akaenda kufungua chumba cha mashine ya kusaga. Kilikuwa hakijafunguliwa kwa miezi minne na siku kumi. Vumbi la unga lilikuwa limetanda kama shuka juu ya kila kitu: juu ya mizani, juu ya mdomo wa kinu, juu ya kiti kifupi alichozoea kukalia mume wake. Aliisogelea injini, akaweka kiganja juu ya puli, gurudumu la chuma linalozungusha mkanda, ili aifute.

Puli ilikuwa na joto.

Si joto la jua, maana upande ule haukuwa na dirisha. Lilikuwa joto la mwili, kama shavu la mtu aliyelala. Aliuondoa mkono, akautazama. Ulikuwa safi. Puli peke yake, katika chumba kizima, haikuwa na vumbi hata chembe.

"Subhanallah," alisema kwa sauti ndogo. Akatoka, akaenda kumwita shemeji yake.

Marehemu aliitwa Kimya kwa sababu alikuwa haongei. Mdogo wake aliitwa Kelele kwa sababu ya kinyume chake, na mama yao alikuwa akisema Mungu aliwapa wanawe mfuko mmoja wa maneno, mdogo akauwahi. Wote wawili walikuwa mafundi wa injini.

Kimya alifariki adhuhuri, kando ya injini hiyo hiyo ikiwa inanguruma. Alikuwa amemwita mke wake aliyekuwa uani, kwa neno moja tu: "Maji." Mke alikuwa anapepeta nafaka. Akajibu, "Subiri kidogo." Akamaliza ungo ule, akasuuza kikombe, akaja nacho. Alimkuta mume wake kwenye kiti kifupi, kichwa kimeegemea ukuta, moyo umekwisha kusimama. Daktari alisema hata maji yale yangeletwa mbio yasingesaidia kitu. Hayo aliyasikia kwa masikio tu. Lakini maneno yake mawili, subiri kidogo, alilala nayo na kuamka nayo, na katika kila sijida alimwomba Mola jambo moja: ajue kama mume wake aliondoka akiwa radhi naye.

Kelele alikuja na mfuko wake wa spana.

"Haya shemeji, tumwamshe mgonjwa," alisema. Akaishika puli kwa mikono miwili, akaitikisa. "Unaona? Inacheza. Shafti, huu mhimili wake, imelika humu ndani. Puli imekaa kama jino bovu, linacheza lakini halitoki. Kaka aliiona hii?"

"Wiki ya mwisho alisema amekwisha kuitengeneza."

"Kwa kitu gani?"

"Ungemwuliza wewe, shemeji. Mimi aliniambia, 'Tayari.'"

Kelele akacheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Kabla ya yote alitoa mkanda. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kaka yake, na labda sheria pekee aliyowahi kuitamka kwa sentensi nzima: mkanda ukiwa juu, mkono uwe mfukoni. Wateja waliicheka. Mke wake aliijua kama anavyoijua Alhamdu. Mara moja katika miaka kumi na mitatu ya ndoa alinyoosha kidole aondoe kishada cha pumba kwenye puli, na Kimya, ambaye hakuwahi kumpiga hata mbuzi, akaupiga ule mkono hadi ukawa mwekundu.

Kelele akapachika pula, chombo chenye kucha tatu za kushika puli na skrubu ya kusukuma shafti. Akakaza. Haikusogea. Akamimina mafuta ya taa, akangoja, akagonga kwa kipande cha mti, akakaza tena. Ukucha mmoja ukafyatuka, ukapita karibu na sikio lake.

"Eh! Puli gani hii yenye wivu?" alisema. "Tuiache inywe mafuta mpaka kesho. Nakwenda kuswali."

Mjane akabaki kufagia. Jua lilikuwa utosini na nje hapakuwa na sauti, hata ya kuku. Akasikia harufu. Haikuwa ya mafuta. Ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua. Kisha, nyuma yake, chuma kikasuguana na chuma taratibu, kama mtu anayesaga meno usingizini.

"Mke wangu."

Ufagio ukamdondoka.

"Maji," ilisema sauti ya Kimya kutoka ndani ya puli.

Alikwenda mbio, safari hii alikwenda mbio, akarudi na kikombe kimefurika, akakiweka chini ya injini, akatoka nje. Aliporudi kukitazama, kikombe kilikuwa kimekauka, na bati lake lilikuwa la moto hata akashindwa kukishika.

Siku ya pili saa ile ile alipeleka maji tena. Siku ya tatu sauti ikasema, "Usimwache mdogo wangu aitoe puli. Ikitoka, nami nimetoka. Niletee maji siku saba, nami siku ya saba nitakuambia kama niko radhi nawe."

Jioni ile alimwambia Kelele, "Shemeji, hiyo kazi iache kwanza."

"Niiache? Mtu anaacha jino bovu mdomoni?"

"Iache, nimesema."

"Nani amekushauri?" Kelele akasogea, akavuta pumzi, uso ukabadilika. "Shemeji, mbona unanuka nywele zilizoungua?"

Akamfungia mlango.

Kelele hakuwa mtu wa kufungiwa mlango. Siku ya saba, alipotoka msikitini, alipita nyuma ya nyumba, akaweka sikio kwenye ukuta wa chumba cha mashine. Alimsikia shemeji yake akinong'ona. Kisha akamsikia kaka yake akimjibu. Sauti ilikuwa ile ile, nzito, yenye mkwaruzo wa mtu aliyevuta vumbi la unga maisha yake yote, nayo iliongea na kuongea, ikabembeleza, ikasimulia, ikaapa, bila kupumzika. Hapo ndipo nywele zilipomsimama. Maiti kuongea ni jambo la kutisha. Kimya kuongea vile ni jambo lisilowezekana.

Ndani, mjane alikuwa amepiga magoti mbele ya injini, na injini ilikuwa inazunguka, ingawa tangi lilikuwa tupu na hakuna aliyeiwasha, inazunguka polepole kama jiwe linalosukumwa na mkono, na mkanda ambao Kelele aliutoa na kuutundika ukutani ulikuwa umerudi mahali pake bila yeye kuona umerudi lini, unapita na kupita mbele ya uso wake ukimpepea upepo wa joto wenye harufu ile, na sauti ikawa inamwambia kwamba kule aliko ni giza, kwamba ana kiu, kwamba ile siku aliita mara moja tu lakini moyoni aliita mara elfu, na kwamba sasa anataka kumsamehe lakini msamaha ni wa mkono kwa mkono, hivyo aulete mkono wake wa kulia, autie hapa, hapa chini, mkanda unapoingia kwenye puli, na asiogope, kwa maana mume hamdhuru mkewe.

"Nipe mkono, niwe radhi nawe."

Akaunyoosha. Vidole vilifika karibu hata upepo wa mkanda ukavitikisa. Ndipo ngozi ya mkono wake ikakumbuka, kabla ya akili, lile pigo la miaka mingi iliyopita.

"Mkanda uko juu," alisema polepole.

"Nipe mkono."

"Mume wangu hakuwahi kumwambia mtu yeyote aguse puli mkanda ukiwa juu." Akaurudisha mkono kifuani. "Wewe si mume wangu. Audhubillahi."

Sauti ikanyamaza. Kisha kikacheka kitu ambacho hakikuwahi kuwa na koo, na puli ikaanza kukimbia hadi sakafu ikatetemeka na unga ukapaa kama moshi. Mlango ukavunjika. Kelele aliingia na kisu, akaukata mkanda kwa pigo moja, na mkanda ukajipinda ukutani kama nyoka aliyekanyagwa.

"Soma!" alipiga kelele. "Soma Ayatul Kursi, shemeji, usinyamaze!"

Alisoma, na puli ikapungua mwendo hadi ikasimama. Kelele akawasha mtungi wa gesi wa kaka yake uliokuwa pembeni, akaipasha puli moto pande zote ili chuma kitanuke, akapachika pula, akakaza kwa uzito wake wote. Skrubu ililia. Mjane alipofika mwisho wa aya, puli ikaachia na kutoka yenyewe, ikishusha pumzi ndefu kama mtu anayetua mzigo.

Chini yake, kwenye shafti iliyolika, kulikuwa na ukanda wa shaba upana wa vidole vitatu, umezungushwa vizuri. Ulikuwa na maandishi, yamekwanguliwa kwa msasa lakini hayakufutika.

Mafundi wote wa pale walifanya hivyo. Shafti ikilika, hutafuta bati la kujazia pengo, hulizungusha, hupigilia puli juu yake, na kazi huendelea. Bati la kopo la soda lilikuwa jembamba mno. La debe lilikuwa nene mno. Fundi akitafuta bati hupima unene, hasomi.

"Naijua shaba hii," mjane alisema.

Nyuma ya chumba kulikuwa na kisima kikavu, kilichofunikwa kwa mbao tangu kabla hawajanunua kiwanja, na juu ya mbao lilipigiliwa bamba la shaba lenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Walikwenda kutazama. Bamba lilikuwa limekatwa upande mmoja, mkato ulionyooka, usio na papara. Ulikuwa mkato wa Kimya.

Kelele aliifungua injini yote, akaitoa shafti, akaipeleka kwa mkerezaji wa vyuma, mzee aliyehifadhi Kurani na ambaye mashine yake haikuanza kuzunguka bila bismillahi. Mzee aliushika ukanda kwa koleo.

"Nani alifunga hiki?"

"Kaka yangu."

"Mungu amrehemu. Alifungua mlango akidhani anaziba pengo."

Akachomelea pale palipolika, akajaza chuma juu ya chuma, akaifunga shafti kwenye mashine na kuikereza huku midomo yake inasoma. Nyuzi za kwanza za chuma zilitoka nyeusi, zinanuka nywele. Zilizofuata zilitoka nyeupe, zinang'aa. Akachonga mfereji mpya wa kabari, akapima, akapima tena. "Chuma ni kiumbe mtiifu," alisema. "Shafti haina kosa. Ila ukanda urudi kisimani, wote."

Lakini haukuwapo wote. Walipoukunjua juu ya mbao na kuupigilia, ulibaki upungufu wa ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kipande hicho kilisagika chini ya puli, kikaenda na grisi na vumbi.

"Kilichosagika hakirudi," mkerezaji alisema, akasoma dua ndefu.

Mjane alimfuata hadi njiani. "Mzee wangu, yule alijua habari ya maji. Alijuaje?"

"Mumeo alipoita, yeye alikuwa tayari kwenye shafti. Alisikia, mama."

"Basi anajua kama mume wangu aliondoka akiwa radhi nami."

Mzee alisimama. "Huenda anajua. Lakini mwongo akijua kweli haiuzi kwa bei unayoiweza. Muulize aliyemchukua mumeo. Huyo wa kisimani usimwulize kitu."

Mashine ilirudi kufanya kazi. Puli mpya aliyoinunua Kelele ilikaa sawasawa, haikucheza, na asubuhi ilikuwa baridi kama inavyopasa chuma. Mjane aliweka mtungi wa maji mlangoni, wateja wanywe, thawabu zimfikie marehemu. Kelele akarudia mizaha yake. Miezi miwili ikapita kwa salama.

Kisha, adhuhuri moja, injini imezimwa na wateja wameondoka, alikwenda nyuma kumwaga pumba. Alipopita kando ya kisima alisikia sauti ikipenya kwenye lile pengo dogo la shaba. Haikuwa ya Kimya. Ilikuwa yake mwenyewe, ya siku ile, na nyuma yake ulisikika ungo ukipepetwa.

"Subiri kidogo."

Alisimama. Chini kule akasikika mtu mwingine akivuta pumzi, kama anayetaka kujibu neno moja. Pumzi ikakatika.

Mjane alisoma Kursi mpaka mwisho. Akarudi ndani bila kugeuka, na siku ile hakumwambia mtu.

Kesho yake alasiri Kelele alikuja kukagua mkanda. Alipita nyuma ya chumba, akasimama ghafla. Juu ya mbao za kisima, karibu na pengo la shaba, kulikuwa na kikombe cha bati cha shemeji yake. Alikiinua, akakiachia upesi.

Kilikuwa kikavu, nacho kilikuwa cha moto.