Msimwache Mtu Msituni

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Dorca Adhiambo, mwenye miaka sitini na mmoja, ambaye alikimbia. Lorine, binti yake, aliyemngoja kwenye uwanja wa shule. Debra, mtoto wa Lorine, wa miezi minne, mgongoni kwa mama yake. Amandeep, kijana wa Kisumu mjini mwenye kilemba cha buluu, aliyeandaa mbio. Prerna, aliyekaa kwenye meza ya mwisho ya maji. Na Owiti, mfagia njia, yule anayetembea nyuma ya mkimbiaji wa mwisho akifungua riboni za kuonyesha njia kwenye miti, ili msitu ubaki kama ulivyokuwa.

Hao ndio walioandikishwa.

Mbio zilikuwa za kilomita hamsini, ndani ya msitu wa serikali ulio juu ya Katito, na zilimalizikia chini kwenye uwanja wa shule ya msingi, karibu kabisa na kwa Dorca. Mwisho ulikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Ukichelewa dakika moja, huhesabiwi. Mwaka uliotangulia Dorca alikuwa ameishiwa nguvu akakaa chini ya mti, na wakimbiaji wawili wageni wakaacha nafasi zao wakamshika mikono mpaka barabarani. Amandeep alimfunika kwa koti lake mwenyewe. Hakumwambia pole nyingi za kumwaibisha. Alimfunika tu. Dorca hakusahau.

Alianza kukimbia baada ya mumewe, Dalmas, kufariki, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno alfajiri. Majirani walimcheka. "Jajuok wetu amepita," walisema, yaani yule mchawi anayekimbia usiku. "Lakini huyu amechelewa kurudi, jua limemkuta njiani."

"Nikiacha, mtakosa cha kuongea," Dorca aliwajibu, akapita.

Asubuhi ya mbio Amandeep alisimama juu ya kiti. "Sheria ni moja tu," alisema. "Msimwache mtu msituni. Ukimkuta mwenzako amekaa, mwinue, uje naye."

Dorca aliitikia kwa kichwa. Kwake hiyo haikuwa sheria. Ilikuwa deni la moyo.

Saa kumi na moja jioni alifika kwenye meza ya mwisho ya maji. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, hawezi hata kumenya chungwa. Prerna aliona kabla hajaambiwa. Alilimenya, akaligawa vipande, akamwekea chumvi kidogo kwenye kiganja.

"Mama, wewe ndiye wa mwisho. Nyuma yako ni Owiti peke yake, na yeye yuko nusu saa nyuma."

"Nimebakisha ngapi?"

"Sita. Utafika."

"Nikianguka usiweke picha yangu kwa simu."

"Nitaweka ile ukiwa na chungwa mdomoni," Prerna akasema, na wote wawili wakacheka.

Akaingia tena msituni.

Jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa, na mwanga uliingia kati ya miti kwa ubavu, mwekundu. Riboni. Riboni nyingine. Dorca alihesabu pumzi. Kisha ndege wakanyamaza, wote kwa pamoja, kama darasa mwalimu akiingia.

Akasikia harufu. Vumbi la ng'ombe. Na majivu... majivu baridi, ya moto uliozimwa zamani.

Mbali kati ya miti kengele ya ng'ombe ililia mara moja. Dorca alishangaa. Hakuna aliyeruhusiwa kuchunga humo ndani.

Mbele yake, kwenye gogo kando ya njia, mtu alikuwa amekaa.

Alikuwa mzee, mwembamba, miguu mitupu, vumbi limempanda mpaka magotini. Mikono yake aliiweka juu ya mapaja kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari. Hakuwa na namba kifuani.

"Oimore, mzee," Dorca alimsalimu.

"Oimore."

"Umeumia?"

"Hapana. Nimechoka kukaa."

"Namba yako iko wapi?"

"Hawakunipa."

Dorca alimpa chupa yake ya maji. Mzee alikunywa, akakunywa, koo likipanda na kushuka. Aliporudisha chupa, Dorca aliipokea kwa mkono mmoja ikamlemea.

Ilikuwa imejaa.

Alisema moyoni kwamba ni uchovu. Mtu akikimbia tangu saa kumi na mbili asubuhi, macho hucheza.

"Umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu waliponileta. Walikuja mbio, wengi, wakipiga kelele. Halafu wakarudi bila mimi."

"Vijana wa siku hizi," Dorca akasema kwa uchungu. Aliwaona akilini wale wa mbele, wenye viatu vya bei, wakimruka mzee wa watu. "Inuka, baba. Hapa giza linakuja. Binti yangu yuko pale chini na chai. Nitakufikisha mpaka nyumbani kwangu, upumzike."

Mzee aliinua uso polepole.

"Wewe ndiye unaniita?"

"Mimi ndiye."

Akainuka. Hakushika gogo, wala hakuegemea goti. Aliinuka kama mtu ambaye hajawahi kuchoka.

Walikwenda. Dorca mbele, yeye hatua moja nyuma, upande wa kushoto. Dorca alisikia viatu vyake mwenyewe vikivunja majani makavu. Alisikia pumzi yake mwenyewe. Za mzee hakuzisikia.

Akipunguza mwendo, harufu ya majivu ilipungua mwendo. Akiongeza, iliongeza.

"Nyumba ni ile ya bati jekundu?" mzee aliuliza.

"Ndiyo. Unapajua?"

"Nilikuja mara moja. Kwa Dalmas."

Dorca alifurahi, kwa jinsi mjane anavyofurahi akisikia jina la mumewe kwa mtu mwingine. "Ulimjua mume wangu?"

"Nilikaa naye usiku wake wa mwisho. Kitandani, upande wa ukutani. Wewe ulikuwa kwenye kiti. Ulikuwa unamlowesha midomo kwa pamba."

Miguu ya Dorca ilitembea hatua tatu zaidi kabla ya akili yake kuikamata.

Usiku ule walikuwa wawili tu chumbani. Hata Lorine alikuwa bado Nyamasaria, akitafuta gari la kumleta.

Hakukuwa na mtu upande wa ukutani.

Ndipo alipokumbuka siku iliyofuata. Yeye alikuwa amekaa kando ya maiti, kama inavyompasa mjane, na alizisikia tu kelele kutoka ndani: tero buru. Wanaume na ng'ombe, pembe na filimbi, mikuki na matawi mabichi, wakitoka bomani mbio kukifukuza kifo kilichomchukua mzee wa nyumba. Walikifukuza mpaka mbali, kwenye pori. Walikiacha huko. Walirudi wakiimba. Dorca hakuwahi kuuliza ni pori gani.

"Huyo mtoto wa Lorine," mzee alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini, ya upole. "Ana miezi minne, siyo?"

Miti ilikuwa imeisha. Mbele, ng'ambo ya majani mafupi, palikuwa na uwanja wa shule, taa moja, viti vya plastiki, na utepe wa mwisho. Kipaza sauti cha Amandeep kilikuwa kinamwita. "Dorca, tunakuona. Dakika kumi na tano, mama. Njoo tu." Watu walipiga makofi. Dorca aliona leso ya kijani ya Lorine, na kichwa kidogo kikichungulia nyuma ya bega.

Mita mia nne.

Alikaa chini, katikati ya njia.

"Rudi," alinong'ona.

"Uliniita."

"Nilikosea."

"Hukukosea. Wote walinipita leo. Hakuna aliyeniona. Wewe tu ndiye uliyekuwa na huruma."

"Basi sitoki msituni. Nitakaa hapa."

"Tutakaa," mzee alisema. "Mimi nimezoea."

Dakika zikapita. Makofi yakapungua. Dorca alishika nyasi kwa mikono yote miwili, kana kwamba mtu angemvuta. Uwanjani alimwona Lorine akimwambia Amandeep jambo, akikaza leso ya mtoto, kisha akianza kutembea. Alikuwa anakuja kumchukua mama yake. Alikuwa anakuja kwenye miti, na Debra mgongoni.

Dorca alifungua mdomo kumkataza. Sauti haikutoka.

Kando yake harufu ilisogea mbele kidogo. Kama mtu anayenyoosha shingo.

Nyuma, jani lilivunjika.

"Mama Lorine," sauti ya Owiti ilisema, "unakaa na mstari ndio ule pale? Unataka nikubebe kama bibi harusi?"

Owiti alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mlinzi wa msitu, hajaoa, mpole wa kutaniana na kila mtu. Alikuja na gunia lake la riboni begani. Akafika karibu. Akavuta pumzi kwa pua.

Akaacha kucheka.

Hakutazama upande wa kushoto wa Dorca. Alimtazama Dorca peke yake, machoni.

"Uko na nani?" alinong'ona.

"Usimwangalie. Nilimkuta kwenye gogo. Nikamwambia nitamfikisha nyumbani kwangu."

"Ulimwambia kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu."

Lorine alikuwa amefika katikati ya majani, akiita, "Mama? Mama, umeumia?"

"Kwenye lile gogo ndipo tuliposimama na ng'ombe, siku ya Dalmas," Owiti alisema polepole. "Mimi ndiye niliyekuwa mbele na pembe. Mimi ndiye niliyesema, kaa hapa."

Alishusha gunia, akavua kofia yake, akageuza uso upande wa kushoto. Alizungumza kwa heshima, kama anavyozungumza mtu na mgeni wa baba yake.

"Mzee, kwa huyu mama kumejaa. Hakuna nafasi ya kulala. Mimi sina mke, sina mtoto, sina mtu wa kuniuliza nimekuja na nani. Na kazi yangu ni kumchukua wa mwisho. Wa mwisho ni wewe. Twende na mimi."

Kengele ililia, karibu sana, mara moja.

Kisha Dorca aliisikia ile harufu ikimwacha. Ilipita mbele ya uso wake, baridi, ikaenda ikasimama alipo Owiti. Aliona vinyweleo vya mkono wa Owiti vikisimama.

"Nenda, mama," Owiti alisema. Meno yake yalikuwa yanagongana, lakini alijaribu kutabasamu. "Usigeuke. Usinishukuru, nenda. Mtoto analia."

Debra alikuwa analia kweli. Dorca aliinuka akakimbia kwenye majani, akamshika Lorine mkono kwa nguvu, akamgeuza, wakakimbia pamoja mpaka kwenye taa.

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne.

Amandeep alitazama saa, akatazama uso wa Dorca. Aliziba saa kwa kiganja. "Naweza kukosea kusoma," alisema taratibu.

"Andika ukweli," Dorca alimwambia.

Akaandika. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi, na suruali yake safi, akamvua Dorca viatu kwa mikono yake mwenyewe, kimoja kimoja, bila kuuliza kwa nini analia.

Owiti alitokea giza likiwa limeshaingia. Alikuwa peke yake, kwa jinsi watu walivyomwona. Hakuvuka majani mafupi. Alirusha gunia la riboni mpaka miguuni kwa Amandeep, riboni zote zikiwemo, akabaki amesimama penye miti.

Lorine, ambaye hakujua lolote, alimimina chai akampelekea. "Njoo ukae, ndugu yangu. Mbona unasimama mbali? Njoo nyumbani ule."

"Iweke hapo chini, dada," Owiti alisema. Alirudi hatua moja nyuma. "Na usinikaribishe. Tafadhali. Usirudie hilo neno."

Lorine aliweka kikombe kwenye nyasi.

Mwezi uliofuata Owiti alihamia kwenye kibanda cha walinzi ndani ya msitu, na mpaka leo hajaingia mlango wa nyumba ya mtu yeyote.