Ubao wa Matundu Ishirini

Mapokezi ya hoteli yalijaa wageni na masanduku. Mshonaji, aliyekuwa amevuka mipaka miwili kutafuta vitambaa, alipanga foleni akiwa na gauni la manjano, futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Nyuma yake mwanamume mwenye mfuko wa vifaa alijisemea kwa Kiswahili, "Huyu kasafiri au katoroka kazini?"

Mshonaji akageuka. "Nimekusikia, kaka."

"Nimeumbuka basi. Mimi ni fundi lifti, dada. Nimeitwa kwenye lile jengo la mbele."

Zamani hoteli ile ilikuwa kituo cha kuunganishia simu. Kila chumba kilikuwa na simu nzito nyeusi na ubao wa matundu ishirini. Ukichomeka pini kwenye tundu la kumi na nne, simu ya chumba namba kumi na nne inalia. Nje ya hoteli haipigi. Chumba hicho kilikuwa cha mshonaji, na alikuwa hajavua hata viatu simu yake ilipolia.

"Chumba chako kina vituko gani?" aliuliza fundi.

"Kitanda kiko ndani ya kabati la nyaya. Nitalala kama shati."

"Mimi bafuni kuna kiti cha kuzunguka. Nitaoga kama mkurugenzi."

Siku nne walizungumza kila asubuhi kabla ya kazi, sauti zao zikipenya kwenye mikwaruzo. Siku ya tatu "dada" lilishageuka "mpenzi", na hakuna aliyeuliza lini.

"Kesho gari langu linakuja saa tano na nusu," alisema mshonaji.

"Saa tano kamili nitakupigia. Nina neno."

"Si useme sasa?"

"Na mikwaruzo hii? Nataka ulisikie lote."

"Haya. Usipopiga, nitajua yalikuwa ya hotelini tu."

Asubuhi fundi akaufungua ubao wake. Hakutumwa na mtu. Kitu kikikwaruza, mkono wake hautulii. Alifuta vumbi, akarudisha nyaya, ila, bila kujua, waya wa chumba namba nne akaufunga kwenye tundu la kumi na nne.

Saa tano akachomeka pini, lakini simu ililia karibu robo saa ndipo ikanyanyuliwa. "Usinikatize, nitaishiwa nguvu. Nataka kukuoa."

Sauti ya kikongwe ikajibu, kwa Kiswahili pia, "Mwanangu, mimi nina wajukuu tisa. Unamtaka yule wa gauni la manjano? Nimepishana naye ngazini sasa hivi, anajifuta macho."

Fundi lifti akashuka ngazi mbilimbili. Alimkuta mlangoni, sanduku mkononi.

"Hukupiga," alisema mshonaji.

"Nimepiga. Nimemchumbia bibi wa chumba namba nne."

"Akasemaje?"

"Kanikataa. Nimebaki na wewe."

Mshonaji alicheka huku machozi yakimtoka, akaweka sanduku chini. "Haya, sema. Hapa hapana mikwaruzo."

Akasema.

Nyumbani kwao fundi alifunga simu mbili kuukuu, moja karibu na cherehani, moja kwenye karakana yake uani. Zilikwaruza tangu siku ya kwanza. "Uzifungue uone," mkewe alimwonya, na miaka yote fundi hakuzifungua.

Sasa ni mwaka wa pili karakana imefungwa, tangu fundi azikwe. Asubuhi, kabla ya kukata kitambaa, mshonaji hunyanyua mkono wa simu. Mikwaruzo bado ipo. Husikiliza kidogo, akaurudisha, akavuta futi.