Picha Moja ya Nangila

Hiyo Jumamosi ilikuwa siku ya kawaida tu. Nilikuwa Kitale kwa shemeji yangu Nyongesa, nachambua maharagwe kwa veranda. Mvua ya mchana ilikuwa imeisha, jua limerudi, kuku wanakwaruza matope. Dada yangu Nangila, bibi ya Nyongesa, tulikuwa tumemzika mwezi uliopita huko nyumbani kwa kina Nyongesa, Bokoli. Nyongesa alikuwa ndani anaangalia picha zake. Hiyo pia ilikuwa kawaida.

Hakuwa mtu wa studio. Kazi yake ilikuwa trekta kwa shamba la mbegu. Lakini kamera ndio ilikuwa roho yake tangu ujana. Picha za kwanza alikata watu vichwa mpaka majirani wakamwita Mchinjaji. Hakukasirika. Alikuwa anapeleka filamu kwa Hamdun, mwenye studio mjini, zikishaoshwa anasimama hapo kwa kaunta anauliza, "Hapa nimekosea wapi?" Pole pole akajifunza kungoja. Angekalisha mzee kwa kiti mpaka mzee asahau kama kuna kamera, ndio apige. Kutoka Kitale mpaka Bungoma, watu wako na picha zake kwa ukuta.

Alikuwa na njia yake. Mtu anakaa kwa kiti nje, na nyuma yake kunashikwa shuka nyeupe. Kushikwa, si kufungwa. "Msumari inaweza shika shuka," alikuwa anasema, "lakini haijui upepo."

Nangila ndiye alijua upepo. Miaka yote alisimama nyuma ya hiyo shuka, mikono juu, akichokoza wale wanapigwa picha. "Wewe baba, cheka kidogo bana! Ati uko kortini?" Mtu anacheka, Nyongesa anapiga. Na ukimwambia Nangila naye akuje akae kwa kiti, alikuwa na jibu moja tu: "Nani atashika shuka?"

Halafu presha ikamchukua.

Kwetu jeneza haliwekwi mbele ya watu bila picha juu yake. Tukatafuta. Kwa maboksi, kwa simu, kwa kompyuta. Harusi za watu, ubatizo wa watoto wa watu. Nangila hayuko. Ile ya kitambulisho ilikuwa imefifia, imebaki kivuli. Kwa zile zingine zote alikuwa vidole tu, vimeshika pembe ya shuka.

Kwa karatasi ya mazishi wakaweka maua mahali pa uso. Mimi nimejua kusoma juzi, kwa ngumbaru, nikiwa nyanya ya watu. Jina la kwanza nilisoma mbele ya umati bila kusaidiwa lilikuwa la dada yangu, chini ya hayo maua. Nyongesa alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakaa chini kwa mchanga wa kaburi akalia na sauti.

Sasa hiyo Jumamosi akaniita. "Shemeji Nasambu. Kuja uone."

Alikuwa ameshika kamera. Alikuwa amefunga shuka kwa kamba ya nguo, akaweka kiti mbele yake, akapiga hicho kiti bila mtu.

"Soma," akaniambia, akanigeuzia kioo cha kamera. "Anza na pembe. Si nilikufundisha picha inasomwa kutoka pembeni?"

Nikasoma. Nyasi. Kiti. Shuka. Kwa pembe ya juu, vidole.

"Hii ni ya zamani," nikasema.

"Angalia kiti."

Kiti kilikuwa kile cha plastiki, cha buluu, binti yake Phelista alinunua juu ya wageni wa mazishi.

Akaniletea picha ingine. Mkono, mpaka kwa kiwiko. Ingine. Bega, na kitambaa cha kichwa. Hicho kitambaa nilimfunga mimi mwenyewe, mochari.

"Nilimwita," Nyongesa akanong'ona. "Nilimwambia atoke nyuma ya shuka."

Kwetu mtu akishazikwa haitwi akuje. Anaambiwa alale.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nataka uso tu. Nimepiga uso wa kila mtu, Nasambu. Wa kila mtu! Na yeye anataka kukaa, lakini hawezi. Si unajua vile anasemanga."

Akanipatia kamera. "Wewe bonyeza tu. Leo mimi nitashika."

Ningekataa. Lakini na mimi nilikuwa nataka kuona uso wa dada yangu.

Akavaa gumboot. Akafungua shuka kwa kamba, akaenda nyuma ya kiti, akainua mikono. Akapotea huko nyuma. Nikaona vidole vyake tu.

Upepo ukasimama. Kuku wakanyamaza.

"Nangila," akaita. "Kaa, mama. Nimeshika."

Kiti kikalia, vile plastiki inalia mtu akikalia. Miguu ya kiti ikazama kwa matope.

Sikuona mtu.

"Piga," akanong'ona.

Nikabonyeza.

"Shemeji, imetoka."

Shuka bado iko juu, imenyooka.

"Nyongesa?"

Nikaenda. Nikazunguka nyuma. Hakuna mtu. Shuka ilikuwa imesimama hewani peke yake. Nikaiangalia. Ikaanguka pole pole, kama mtu ameiachilia na heshima.

Tulimtafuta Kitale, tukamtafuta Webuye, tukaenda mpaka Bokoli kwa kaburi la bibi yake. Polisi wakamwambia Phelista alete picha ya baba yake ndio watangaze. Akarudi nyumbani akapekua usiku na mchana. Hakukuwa na hata moja. Mwenye kamera nani alikuwa anampiga?

Ile nilipiga, Hamdun aliitoa kubwa. Nangila amekaa. Uso wote. Macho wazi, anacheka na meno yake yote. Hakuna picha Nyongesa aliwahi kupiga ilishinda hiyo. Phelista analala nayo. "Mama mdogo," ananiambia, "angalau baba alipata kitu alikuwa anataka."

Mimi namkubalia. Sijamwambia kitu nimesoma hapo. Mimi ndiye nilikuwa nyuma ya kamera, lakini Nangila haniangalii mimi. Anaangalia kando ya bega langu la kushoto, vile mwanamke anaangalia bwana yake.

Na kuna kitu ingine. Hiyo jioni, kabla watu hawajakuja kukanyaga kila mahali, niliangalia matope. Pale nilisimama na kamera kulikuwa na alama za sapatu zangu. Kando yao, upande wa kushoto, alama za gumboot. Mguu mmoja na mwenzake, zimeangalia kiti. Hakuna za kuja. Hakuna za kwenda.

Nikarudi pale nyuma ya kiti, mahali nilimwona na macho yangu akiinua shuka. Matope ilikuwa laini kama uji. Mbali na sapatu zangu nikizunguka, hakuna mtu alikuwa amekanyaga hapo.