Pikipiki ya Ashura na Salama ya Omary

Kijijini Janga hakuna aliyemshinda Omary kwa salamu. Asubuhi akienda shamba, njia ilimchukua muda mrefu kuliko kulima kwenyewe. Alimsalimu kila aliyepita. Aliulizia watoto, akaulizia mihogo, akaulizia hata mbuzi wa watu. Naye akiulizwa habari, jibu lake lilikuwa moja tu: "Salama." Mwaka alioumwa malaria mpaka akabebwa, nesi alimuuliza habari, naye akajibu, "Salama kabisa."

Mkewe, Ashura, alikuwa mtu wa maneno machache na kazi nyingi. Alikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga. Wateja wake wengi walikuwa wanawake wa Mzenga, upande wa Kisarawe. Tabu yake ilikuwa usafiri. Vifaranga wa siku moja hawataki jua kali, wala hawataki kurushwarushwa njiani. Ashura aliwatuma kwa bodaboda za watu, na mara nyingi baadhi walifika wamekufa. Mara ya mwisho, Bi Mwanahalima, kiongozi wa kikundi cha Mzenga, alimpigia simu.

"Mwanangu, tunakupenda," alisema kwa upole. "Lakini wakifa tena, tutatafuta pengine."

Ashura hakulia. Alijifunza pikipiki, akapata leseni, akaweka akiba. Kaka yake Hashiru, aliyekuwa akiishi Mwanza, alimtafutia pikipiki nzuri iliyotumika kidogo. Aliipiga picha ikiwa imesimama, akamtumia dada yake aione. Kisha akaifunga kwa maboksi na kuipakia kwenye lori. Habari kwamba imefika Kibaha zilikuja wakati mayai yako ndani ya mashine, yanakaribia kupasuka.

"Baba Rahma, kaichukue," Ashura alimwambia mumewe. "Safari hii vifaranga nawapeleka mwenyewe."

Omary akaenda kwenye ghala la mizigo, Misugusugu, hapo Kibaha. Alisalimu kuanzia getini mpaka ndani. Pikipiki ililetwa ikiwa imefungwa maboksi na kamba. Upande wa kushoto boksi lilikuwa limechanika na kubonyea. Omary aliliona. Mkono wake ulitaka kufungua achungulie. Lakini wapakuaji walikuwa wamesimama pale, jasho linawatoka kwa ajili ya mzigo wake. Omary aliona kuwa kuukagua mbele yao ni kama kuwaita wezi. Mtu muungwana hafanyi hivyo.

"Mzigo vipi, kaka?" karani aliuliza, kalamu mkononi.

"Salama," Omary akajibu, kama kawaida yake.

Karani akaandika vilevile: umepokelewa salama, naye Omary akaweka sahihi. Wakaipakia pikipiki kwenye kirikuu, lile gari dogo la mizigo. Omary akarudi Janga akiwapungia watu mkono njia nzima.

Nyumbani wakafungua maboksi. Kioo cha kushoto kilikuwa kimevunjika. Mkono wa klachi ulikuwa umekatika. Tenki lilikuwa limebonyea. Na usukani ulitazama upande wake, gurudumu la mbele likatazama upande wake. Bila shaka pikipiki ilianguka ndani ya lori, ikalaliwa na magunia.

Ashura aliizunguka polepole. Kisha akauliza, "Ulipoipokea, ulisema nini?"

"Nilisema salama."

"Uliifungua?"

Omary akatazama chini. Angeweza kusema mengi, lakini yote yasingenyoosha gurudumu.

"Mayai hayasubiri fundi, baba Rahma," Ashura alisema, akaingia ndani. Omary aliona aibu kubwa. Mke wake alikuwa amehangaika kwa pikipiki ile, na yeye amemharibia kwa neno moja.

Jirani yao Rajabu alisikia, akaja na nyundo. Rajabu hakuwa fundi, ila nyundo alikuwa nayo.

"Hili dogo sana, bro," alisema. "Tunawasha mkaa. Hii shokapu, hili bomba linaloshika gurudumu la mbele, tunaipiga moto, tunainyoosha. Ukipaka na rangi, shemeji hajui kitu."

Omary alipenda sana maneno hayo. Alitaka jambo hili liishe kabla halijasikika kijiji kizima. Akainama kutafuta spana. Alipoinua kichwa, Ashura alikuwa amesimama mlangoni.

"Atakayekaa juu yake ni mimi," alisema. "Sitaki kudanganywa na rangi."

Omary akaiweka spana chini.

Kesho yake wakaipakia tena pikipiki na kuirudisha Misugusugu. Hawakwenda ghalani kwanza. Walikwenda kwa Recho, rafiki yake Ashura, fundi mwenye gereji kando ya barabara. Recho aliiangalia pikipiki bila kugusa kitu.

"Mmeiwasha?" aliuliza.

"Bado," Ashura akajibu.

"Mmefanya vizuri. Pikipiki iliyolala ubavu safarini haiwashwi kwa haraka. Oili huenda mahali isipotakiwa. Petroli inaweza kuvuja, na cheche moja ikaleta moto. Hata betri inaweza kumwaga maji yake makali. Kwanza tunanusa na kuangalia. Shemeji, una simu ya picha?"

"Ninayo," Omary akasema.

"Piga picha. Piga pikipiki nzima, kisha kila palipoumia. Na hicho kikaratasi cha mzigo kilichofungwa kwenye usukani kionekane. Usikikate."

Omary akapiga picha, akainama, akapiga tena. Aliona ahueni kupata kazi ya kufanya.

Recho akaisimamisha pikipiki kwa stendi, akaomba uzi mrefu. Aliufunga nyuma ya gurudumu la nyuma. Akauleta mbele, upande huu na upande huu, akamwambia Omary auvute unyooke.

"Sasa tazama," alisema. "Pikipiki nzima, uzi ukinyooka, gurudumu la mbele hukaa katikati ya nyuzi hizi mbili. Hili likoje?"

"Limekwenda kushoto," Omary akasema. Hata mtu asiyejua pikipiki angeliona.

"Ndiyo. Huenda usukani tu umesogea kwenye vishikio vyake. Hilo ni dogo. Huenda bomba la shokapu limepinda. Hilo linabadilishwa. Au huenda fremu yenyewe imepinda. Ikiwa fremu, shemeji, siwadanganyi. Pikipiki hii haitapandwa na mtu."

Ashura alishika ukingo wa kitenge chake na kusubiri.

Recho akaichunguza fremu kwa tochi, hasa shingoni, chini ya usukani. Alipitisha kidole kwenye maungio ya chuma. "Fremu ikipinda, rangi hupasuka hapa kwanza," alieleza. "Hapa haijapasuka." Kisha akatoa mabomba mawili ya shokapu za mbele, akayafuta, akayaviringisha juu ya kipande cha kioo cha dirisha. La kulia liliviringika kimya. La kushoto likawa linapanda na kushuka, linagonga kioo.

"Huyu ndiye mgonjwa wetu," Recho alisema. "Fremu ni nzima."

Ashura akaketi juu ya tairi kuukuu, akashusha pumzi.

"Dada Recho," Omary akauliza kwa sauti ndogo, "na bomba hili mtu akilipiga moto, akalinyoosha?"

"Litanyooka kwa macho, lakini chuma kilichochomwa hivyo kinalegea. Siku mkeo yuko kwenye mteremko, akashika breki, litakunjika. Na yeye yuko juu."

Omary aliikumbuka ile spana aliyoiinamia.

"Basi weka jipya. Anza sasa hivi."

"Sianzi," Recho akasema. "Nikitengeneza leo, ushahidi umekwisha. Waliosafirisha waone kwanza. Chukua bomba hili, chukua na picha zako, nenda."

"Lakini mimi nilisema salama."

"Basi kawaeleze ulimaanisha nini."

Ghala halikuwa mbali. Walikwenda kwa miguu, Omary amelibeba bomba begani. Msimamizi wa ghala, Bwana Wilfred, alikuwa ofisini ameshika tama. Shavu lake moja lilikuwa limevimba.

"Habari za asubuhi, mkuu?" Omary akasalimu.

"Salama," Wilfred akajibu kwa taabu.

Wakamweleza. Wilfred aliangalia kumbukumbu zake, akatikisa kichwa taratibu.

"Kaka, hapa imeandikwa umepokea salama. Ni neno lako mwenyewe."

Kwa tabia ya Omary, hapo angeomba radhi, akashukuru na kuondoka. Tayari alikuwa ameanza kuinama. Lakini alimtazama Ashura, akayakumbuka mayai ndani ya mashine. Akanyooka.

"Mkuu, hilo shavu lina nini?"

"Jino. Sijalala."

"Pole sana. Lakini nimekuuliza habari, umenijibu salama."

Wilfred akainua macho.

"Na mimi niliulizwa hivyohivyo, nikajibu hivyohivyo," Omary akaendelea. "Boksi nilikuwa sijalifungua. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Lakini pikipiki yetu ilikuwa salama kama jino lako."

Ashura aligeukia dirishani ili asionekane anacheka. Wilfred mwenyewe alianza kucheka, akajishika shavu kwa maumivu. Omary akaliweka bomba mezani, akaliviringisha. Likapanda na kushuka, likigonga meza. Ashura naye akatoa simu, akaonyesha ile picha ya Hashiru, pikipiki imesimama wima na vioo vyote viwili kabla ya kupakiwa. Kando yake wakaweka picha za gereji, zenye kikaratasi cha mzigo.

Wilfred alizitazama kwa muda. Akaenda mpaka gereji, akaiona pikipiki kwa macho yake.

"Hii ilianguka kwetu," alisema hatimaye. "Tutatoa bomba jipya, mkono wa klachi na kioo. Ufundi mtalipa wenyewe, maana na nyinyi mlichelewa kusema. Ila, kaka, siku nyingine fungua mzigo palepale ghalani. Hakuna atakayekasirika. Ukiona kasoro, iandikwe kabla hujaweka sahihi. Ukishatoka getini, ni vigumu. Leo una bahati umenikuta na jino."

"Nimeelewa, mkuu. Na wewe nenda ukaling'oe," Omary akasema.

Vifaa vilipofika, Omary hakuondoka gereji. Alikaa akimpa Recho spana na kuuliza maswali mpaka fundi akachoka kumjibu. Recho aliweka bomba jipya na mpira mpya wa kuzuia oili, akatia oili sawa katika shokapu zote mbili. Alisafisha kisafisha hewa kilicholowa oili, akaangalia betri, plagi, cheni na breki. Tenki halikuvuja, akaliacha na ubonyevu wake. "Huo ni urembo tu," alisema. "Haumdhuru mtu."

Kisha wakafunga tena uzi. Safari hii Omary hakusubiri kuulizwa.

"Limekaa katikati," alisema, na sauti yake ilijaa raha kana kwamba gurudumu amelitengeneza yeye.

Ashura alivaa kofia ngumu, akaizungusha pikipiki polepole uwanjani. Alikata kona kulia, akakata kushoto, akashika breki mara kadhaa. "Haivuti popote," alisema. Omary alimtazama mkewe vile alivyokaa wima, akajisikia fahari.

Mayai yalipasuka kwa wakati wake. Alfajiri iliyofuata Ashura aliwaweka vifaranga kwenye boksi lenye matundu ya hewa na pumba laini chini. Omary, naye amevaa kofia ngumu, akapanda nyuma na kulishika boksi mapajani. Walipopita Mlandizi, vijana wa kijiweni walimwona.

"Oya, Omary, leo umepakiwa na mkeo!" mmoja akapiga kelele.

"Nimepakiwa na dereva mwenye leseni," Omary akajibu. "Wewe wako anayo?"

Kijiwe kizima kikamcheka yule aliyemtania.

Karibu na Mzenga barabara ya vumbi iliteremka, na kundi la mbuzi likakatiza ghafla mbele yao. Ashura akashika breki. Pikipiki ilisimama imenyooka, haikuvuta kushoto wala kulia. Ndani ya boksi vifaranga walilia kidogo, wakatulia. Omary aliuwaza ule mkaa wa Rajabu, akamshukuru Mungu kimyakimya. Mbuzi wakapita, wakaendelea na safari.

Wanawake wa Mzenga walikuwa wanawasubiri uani, nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mama," Omary na Ashura wakamsalimu Bi Mwanahalima.

"Marahaba, wanangu. Poleni na njia. Ahsanteni sana."

"Usitushukuru bado, mama," Ashura akasema. "Fungueni kwanza. Wahesabuni, muwaangalie miguu na macho, ndipo mseme."

Wanawake wakatazamana, maana hakuna muuzaji aliyewahi kuwaambia hivyo. Wakafungua, wakahesabu kwa sauti. Wote walikuwepo, wote hai, wanakimbizana ndani ya boksi. Bi Mwanahalima akapiga kigelegele, na wenzake wakampokea. Akamgeukia Omary, ambaye bado alikuwa na kofia ngumu kichwani.

"Hongera, mwanangu," alimwambia. "Dereva kama wewe ndiye tuliyekuwa tunamtafuta siku zote. Kuanzia leo vifaranga wetu wote mtatuletea nyinyi."

Omary hakuwahi kukataa neno jema la mtu mzima maishani mwake. Safari hii alivua kofia.

"Hapana, mama," alisema. "Mimi nimeshika boksi tu. Dereva ni huyu hapa, mke wangu."

Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, ili na wale waliosimama nyuma wasikie.