Ujumbe wa Teodora

Gladness alikuwa anasuuza shuka aliposikia hodi kwenye geti la chuo cha ualimu. Ilikuwa mwaka 1994, Mwanza.

"Teodora yupo?" aliuliza Luhaga, mchuuzi wa dagaa kutoka Sengerema.

"Yuko maktaba. Mimi nalala naye chumba kimoja."

"Mwambie mama yake amelazwa. Hali si nzuri. Apande kivuko cha jioni."

Gladness aliacha shuka, akakimbia. Uwanjani timu ya netiboli ilikuwa imepungukiwa mchezaji.

"Gladi, ingia kidogo tu!"

Akaingia. Alikumbuka ujumbe kesho yake asubuhi, alipomwona Teodora anachana nywele, ndipo akamwambia.

Teodora alipofika Sengerema, alikuta watu wanalia.

Aliporudi chuoni, alihamishia godoro lake chumba kingine. "Mama aliniita usiku kucha," alisema. "Wewe ulikuwa unacheza."

"Huyo hata chumvi usimtume," Suzana wa chumba cha pili alisema. Wenzake walicheka.

Gladness aliacha kula bwaloni. Mwishowe alikwenda zahanati kwa Nesi Hellen.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa nini?"

"Naharibu kila urafiki. Nakatiza watu maneno. Nasahau ahadi. Na Teodora nampenda kama dada."

"Ulianza lini kuwa hivyo?"

"Tangu darasa la kwanza. Nilichapwa sana."

Nesi alivuta karatasi. "Wapo watu ambao ubongo wao hushindwa kutulia kwenye jambo moja. Si kurogwa, wala si dharau. Wengine hukua na hali hiyo mpaka utu uzima. Nitakuandikia barua, daktari wa akili akupime."

"Nikitibiwa, mama yake atarudi?"

"Hatarudi. Lakini ukipewa ujumbe, uandike kabla hujainua mguu. Mwombe mwenzako akukumbushe. Na ukienda kwa Teodora, usianze na ubongo wako. Anza na mama yake."

Gladness alimkuta Teodora bustanini, analima matuta ya viazi.

"Mama yako alikuita, nami sikukufikishia mapema. Nisamehe."

Teodora aliendelea kulima. "Sijui kama nitaweza," alisema.

Daktari alithibitisha maneno ya nesi. Gladness akaanza kutembea na daftari dogo na kalamu. Wiki zikapita. Wasichana wawili wakaanza kumtuma tena. Teodora alimtazama tu.

Jumamosi moja jioni Teodora alisimama mlangoni, mikono ina udongo.

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, uje na jembe. Matuta manne yamebaki."

Gladness aliandika. Kisha akamsomea, neno kwa neno.